Mwenyewe Amefika

Tulimwacha Lenzi mlangoni, taulo kichwani, mswaki mdomoni.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumamosi. Mlango umegongwa, amefungua, na nje amekuta watu saba wamepanga mstari koridoni, kuanzia mpishi mkuu mpaka fundi bomba, sare zimenyooshwa pasi hadi zinakatika. Mbele yao amesimama Meneja, mrefu, tai imemkaba shingo, ameshika kwa mikono miwili funguo zote za hoteli kwenye pete moja ya chuma.

"Mwenyewe," akasema Meneja, akainama, "tumevumilia tangu Alhamisi. Sasa tunaomba utupokee."

Wengi wenu mliniandikia wiki hii. Mmoja akataka Lenzi afunge mlango apitie dirishani. Mwingine akataka achukue funguo akimbie nazo. Lenzi hakufanya hata kimoja. Alimeza dawa ya meno.

"Mimi?"

"Wewe, mwenyewe."

"Jamani, mmekosea mtu. Mimi ni mgeni. Nimekuja mwenyewe tu."

Mstari mzima ukatikisa vichwa kwa heshima.

"Tunajua," akasema Meneja. "Umekuja mwenyewe."

"Mwenyewe! Bila mtu!"

"Bila kutuma mtu. Ndiyo maana tumekuheshimu. Yule wa zamani alikuwa anatuma mawakili."

Hapo ndipo Lenzi alipoelewa. Alielewa kwa nini tangu Alhamisi chai yake inaletwa na watu wanne. Alielewa kwa nini mpishi humchungulia dirishani anapokula yai. Akajishika kwenye kitasa.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo baada ya kufungiwa vitafunio, kaa nikueleze haraka. Lenzi ni fundi miwani. Ana miaka thelathini na sita, hana mume, ana duka lenye upana wa mlango mmoja, na kutwa nzima huwabadilishia watu vioo machoni akiwauliza, "Hii, au hii?" Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, hana raha na jambo hilo. Si la miwani. La mume.

"Mwanamke hawezi kukaa peke yake katikati ya wapendanao siku nne akatoka mzima," Shangazi alimwambia mbele ya ukoo.

"Naweza."

"Huwezi."

"Shangazi, naweza, na nitakula, na nitanenepa."

Wakawekeana ahadi, mashahidi wakapiga makofi. Lenzi aende kwenye hoteli ya wapendanao kuanzia Alhamisi hadi Jumapili saa sita mchana. Akae peke yake, ale peke yake, asirudi mapema, asitafute mwanamume wa kumliwaza. Shangazi ana ruhusa ya kuja kukagua wakati wowote bila taarifa. Lenzi akishinda, neno "ndoa" halitatoka tena kinywani mwa Shangazi mpaka wazikane. Akishindwa, posa ya Mkaguzi wa Mizani inapokelewa wiki ijayo.

Huyo Mkaguzi mnamjua. Yule mgane anayekagua masoko yote, anayetembea na jiwe la kilo mfukoni. Siku ya kwanza kumwona Lenzi alimzunguka mara moja akasema, "Umetimia." Mpaka leo Lenzi akikumbuka neno lile hukosa hamu ya kula.

Basi akapiga simu hotelini. Dada wa Mapokezi akauliza, "Mtakuja wawili?" Lenzi akajibu, "Hapana, nakuja mwenyewe." Na hoteli ile ilikuwa imeuzwa mwezi mmoja kabla, aliyeinunua hajaonekana hata kivuli, na lugha yetu hii tamu haisemi kama mwenyewe ni mume au ni mke. Dada wa Mapokezi akashika kalamu nyekundu, akaandika kwenye kitabu: MWENYEWE ANAKUJA ALHAMISI. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hapa aliyejikwaa ulimi ni mmoja, walioanguka ni hoteli nzima.

Sasa turudi mlangoni.

Lenzi alifungua kinywa aseme ukweli wote tangu mwanzo. Ndipo macho yake yakatua ukutani, juu ya kichwa cha mpishi, kwenye kibao kama kile alichokiona mapokezi:

HAPA TUNAPOKEA WAWILI WAWILI.

Akafunga kinywa. Akisema yeye si mwenyewe wa hoteli bali ni mwenyewe wa peke yake, anatolewa na begi lake kabla ya saa nne. Akitolewa, atafika nyumbani leo. Akifika leo, ameshindwa. Akamwona Mkaguzi wa Mizani akimzunguka mara ya pili.

"Nipeni dakika tano nivae," akasema.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na huyu hata nguo hakuwa nazo.

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa safi kupita kiasi. Lenzi alikalishwa kwenye kiti kikubwa, akaletewa karatasi moja.

"Jambo dogo tu," akasema Meneja. "Barua ya kumwachisha kazi Mzee Trei. Ilikuwa inasubiri sahihi yako. Nakala nilikutumia kwa posta, sijui uliipata?"

"Sikuipata," akasema Lenzi, na kwa mara ya kwanza siku ile akawa mkweli.

"Ana miaka thelathini na mmoja hapa. Lakini amechoka. Jana amempelekea bwana harusi supu ya bibi harusi wa meza nyingine. Juzi ameweka trei hewani, akadhani kuna meza. Glasi kumi na mbili."

"Mwiteni."

Mzee Trei akaja, koti jeupe, kitambaa mkononi, mgongo umenyooka kama siku ya kwanza ya kazi. Akasimama mbele ya kabati la mafaili.

"Shikamoo, mwenyewe," akaliambia kabati.

Lenzi aliinuka. Hakuhitaji kuambiwa, ile ndiyo kazi yake ya kila siku. Akamshika mzee mkono, akamgeuza taratibu.

"Mimi ndiye wa kukuamkia, mzee wangu. Shikamoo. Hebu kaa."

Akafungua mkoba wake. Fundi hatembei bila vyombo, na Lenzi hata kwenye fungate la mtu mmoja alikuwa na miwani sita ndani ya mkoba. Akachukua orodha ya vyakula mezani, akamshikisha mzee. Akamvalisha ya kwanza, kisha ya pili.

"Hii, au hii?"

"Ya pili."

"Hii, au hii?"

Mzee Trei akasogeza orodha karibu, akaisogeza mbali. Midomo ikaanza kucheza.

"Kumbe," akasema polepole, "orodha yetu ina picha."

Mzee akainua uso, akamtazama Meneja kuanzia viatu mpaka nywele.

"Na wewe, mwanangu, umeota mvi. Mbona hukuniambia?"

Lenzi akaichukua ile barua, akaikunja mara nne, akaiingiza mkobani. "Hafukuzwi mtu," akasema. "Hiyo miwani ni ya muda tu, haitoshi. Wiki ijayo apelekwe apimwe vizuri."

"Ndiyo, mwenyewe," akasema Meneja, na akaandika.

Nataka mwelewe, wasomaji wangu, kwamba Lenzi alitoka mle ofisini akiwa na furaha ambayo hakuipata kwenye bustani ya hoteli ya kushikana mikono, wala kwenye kitanda cha mioyo alicholala kwa upana. Alijisikia mrefu. Kisha akakumbuka kuwa ametoa amri katika nyumba ya watu, na urefu wote ukamtoka kwenye visigino.

Njia ya mwongo ni fupi. Akaamua kuipunguza yeye mwenyewe kabla haijamwishia mbele ya watu.

*

Alimkuta Dada wa Mapokezi akikunja mataulo yawe ndege wawili wanaobusiana. Mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mwandiko mzuri na anayejua kuwa ana mwandiko mzuri. Lenzi akaegemea meza, akasema kwa sauti ya chini.

"Dada yangu. Nisikilize mpaka mwisho, usipige kelele. Mimi ni fundi miwani."

"Mwenyewe, hata ufundi unaujua?"

"Sina hoteli. Sina hata kibanda cha kuku. Nilipokuambia nakuja mwenyewe, nilikuwa na maana nakuja peke yangu."

Ndege wa taulo akafunguka mkononi mwa yule mama, akawa taulo.

"Peke yako," akarudia.

"Peke yangu."

"Hoteli ya wapendanao?"

"Ndiyo."

"Siku nne?"

"Dada, hilo tuliache."

Dada wa Mapokezi akavuta kitabu, akayatazama yale maandishi yake ya wino mwekundu. Machozi yakamlengalenga. "Nimetangaza mimi! Nimewaamsha watu wamepiga pasi! Meneja akijua ataniwekea barua juu ya ile ya Mzee Trei." Akaushika mkono wa Lenzi akaubana. "Mdogo wangu, unaondoka lini?"

"Kesho saa sita mchana."

"Basi kaa mwenyewe mpaka kesho saa sita. Baada ya hapo tutasema mwenyewe ameondoka. Nani atamfuata mwenyewe kumuuliza?"

"Na mwenyewe wa kweli akija?"

"Mwezi mzima hajaja. Aje leo kwa nini?"

Mnajua, sina haja ya kuwaambia. Simu ikalia.

Dada wa Mapokezi akainua mkono wa simu, akajifuta macho kwa ndege. "Hoteli, karibu." Akasikiliza. "Ndiyo... leo mchana... mtakuja wawili?" Akasikiliza tena. Macho yakamtoka.

Lenzi alisikia sauti ya kiume kutoka kwenye simu, tulivu, isiyo na haraka. "Hapana. Nakuja mwenyewe."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii Dada wa Mapokezi hakushika kalamu nyekundu. Alikunja midomo kama mtu asiyedanganyika mara mbili, akaandika kwa wino wa bluu, herufi ndogo ndogo: Mgeni mmoja, peke yake.

"Huwa hatupokei mmoja mmoja," akasema kwenye simu, kavu kabisa, "lakini kwa kuwa umeshafika njiani, tuna Chumba Kumi na Saba. Kiko karibu na jenereta. Ukitaka njoo, hutaki basi."

Akakata.

"Unaona?" akamwambia Lenzi kwa fahari. "Sasa naelewa lugha."

*

Chakula cha mchana kilikuwa saa saba, na mishumaa iliwashwa, kwa sababu ratiba ilisema mishumaa. Jua lilikuwa kali nje. Meza ishirini, kila moja ya watu wawili, kila moja ina wawili, isipokuwa ya Lenzi iliyokuwa katikati ya ukumbi kama meza ya kesi.

Niwaambie jambo alilolijua Lenzi siku ile ya tatu. Kula peke yako hakuumi. Supu ni ile ile, mkate ni ule ule, na hakuna wa kukumalizia kuku. Kinachouma ni kile kiti kilicho wazi mbele yako, maana kila anayepita anakitazama kwanza, kisha anakutazama wewe. Siku ya kwanza alikiwekea mkoba. Ya pili akakiwekea kofia. Ya tatu alikiacha kama kilivyo, akakisalimia.

Ndipo Mzee Trei akaja kwa hatua ndefu, miwani puani, anawaonyesha watu wote kwamba anaona. Nyuma yake anafuata mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limekunjwa mikono, begi moja, na sikio moja analisugua.

"Mwenyewe, samahani," akasema Mzee Trei. "Huyu mgeni wa Chumba Kumi na Saba hana pa kukaa. Kiti kimebaki hiki chako tu."

"Hapana!" Lenzi akaruka. Ukumbi ukageuka. Akashusha sauti. "Mzee wangu, siwezi. Mimi lazima nile peke yangu. Ni ahadi."

"Ya daktari?"

"Ya shangazi."

"Hiyo ni nzito kuliko ya daktari," akasema yule mwanamume. Hakucheka, ila macho yalimcheka. "Mimi pia nimekuja kula peke yangu. Ruhusu jambo moja, dada."

Akakichukua kile kiti kilicho wazi. Akakizungusha mpaka nyuma ya Lenzi, akakiweka mgongo kwa mgongo na kiti chake. Akavuta kijimeza cha maua, akatoa maua, akakaa.

"Haya. Wewe unakula peke yako upande huo. Mimi nakula peke yangu upande huu. Shangazi akija, kila mtu ana meza yake."

Lenzi alitazama mbele. Kile kiti hakikuwapo tena. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuna mtu aliyekuwa na kitu cha kuhesabu. Akashusha pumzi ndefu, akachovya mkate kwenye supu.

"Chumba chako kikoje?" akauliza, akiuambia mshumaa.

"Kina jenereta. Au jenereta lina chumba. Sijajua."

Lenzi akacheka, supu nusura impalie.

"Yule mama wa mapokezi ni mkali," sauti ya nyuma ikaendelea. "Nimemsalimia, akaniambia, 'Wewe ndiye yule mmoja?' Kama nimeiba."

"Usimchukie. Ni mtu mzuri. Ameumwa na neno."

"Na meneja?"

"Ananyoosha vitu tu. Tai, mistari, watu. Lakini anaandika anachoambiwa."

"Wewe umefika lini mpaka unawajua wote?"

"Alhamisi."

Vijiko viwili vikagonga sahani mbili.

"Wanakuita mwenyewe," akasema yule mwanamume. "Basi nikuulize kama mwenyewe. Huyu mzee anayehudumu, si ndiye anayevunja glasi? Nimesikia ana barua."

Lenzi aliweka kijiko chini. Hakujua mtu wa nje amesikia wapi habari hiyo, na hasira ilimzuia kujiuliza.

"Hana barua. Barua iko kwenye mkoba wangu na haitoki. Mtu amehudumia watu miaka thelathini na mmoja, macho yamechoka, wanamtafutia karatasi badala ya kumtafutia vioo. Hakuna aliyemuuliza, 'Mzee, unaona?' Hata mmoja! Ningekuwa mwenyewe kweli..." Akajiuma ulimi.

"Ungekuwa mwenyewe kweli?"

"Ningeanza kwa kuwauliza watu wangu kama wanaona."

Nyuma yake kijiko kilisimama. Lenzi akahisi joto la mgongo wa mtu ambaye hamgusi. Akashangaa. Akajisahihisha. Akala kuku.

Ndipo mlango wa ukumbi ukafunguka.

*

"Yuko wapi?"

Mishumaa kumi ikazimika. Sisemi uongo, Shangazi alifungua milango yote miwili kwa pamoja na upepo ukaingia naye. Kitenge kipya, mkoba kwapani. Na nyuma yake, hatua tatu, tumbo mbele, mkono mfukoni kwenye jiwe la kilo, Mkaguzi wa Mizani.

Lenzi alisimama. "Shikamoo, Shangazi."

"Shikamoo ya nini! Huyo mwanamume ni nani nyuma yako?"

"Simjui. Ana meza yake."

"Mgongo kwa mgongo!" akasema Mkaguzi. "Nafasi baina yao haifiki sentimita kumi. Nimepima kwa macho."

Meneja akaja mbio, tai begani. "Mama, mama, taratibu. Huyu ni mwenyewe."

"Ndicho ninachouliza!" akafoka Shangazi. "Yuko mwenyewe kweli?"

"Mwenyewe kabisa! Tangu Alhamisi."

"Hana mtu?"

"Ana watu kumi na wanane chini yake!"

Shangazi akashika kifua. "Kumi na wanane?"

Kule mlangoni Dada wa Mapokezi akajifunika uso kwa taulo. Mzee Trei akashusha trei, safari hii juu ya meza. Lenzi alitaka ardhi ipasuke.

"Baba, wewe una akili?" Shangazi akamkazia Meneja. "Huyu ni binti wa kaka yangu. Fundi miwani! Duka lake ukiingia wewe, yeye inabidi atoke. Hao watu kumi na wanane amewapata wapi?"

Meneja akageuka polepole. Wekundu wa shingo iliyokabwa na tai ukampanda usoni.

"Fundi miwani?"

Ukumbi wote ukaacha kutafuna. Lenzi aliona kila kitu kwa pamoja: kile kibao, begi lake likitolewa nje, gari la Shangazi, posa, jiwe la kilo. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kamili. Alikuwa amebakiza saa ishirini na mbili, na hakuna hata moja ya kumsaidia.

"Kwa hiyo wewe," Meneja akasema, kidole kimemwelekea Lenzi, "umekuja hapa kama nani?"

"Huyu amekuja mwenyewe."

Sauti ilitoka nyuma ya Lenzi. Tulivu. Yule mwanamume hakuwa amegeuka. Alikuwa bado anatazama ukuta, kijiko mkononi.

"Mimi ni shahidi," akaongeza. "Amekuja mwenyewe."

"Na wewe wa jenereta," Meneja akafoka, "nani amekuuliza?"

Mwanamume akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi, akaipitisha juu ya bega bila kugeuka. Meneja akaipokea kwa dharau. Akaisoma mstari wa kwanza kwa dharau. Wa pili akausoma polepole. Alipofika wa tatu, ile pete ya funguo ilimponyoka ikaanguka sakafuni kwa kishindo, na hakuna aliyethubutu kuiokota.

"Ni kweli, mama," akamwambia Shangazi, sauti imekuwa nyembamba. "Amekuja mwenyewe. Mwenyewe... amekuja mwenyewe."

Shangazi akamtazama Meneja, akamtazama Lenzi, akautazama ule mgongo. Ni mwanamke wa maneno mengi, lakini ahadi ni ahadi.

"Haya," akasema. "Umekuja mwenyewe. Nimekubali. Lakini haijafika Jumapili saa sita, mwanangu. Mkataa pema pabaya panamwita." Akavuta kiti kutoka meza ya maharusi, wale maharusi wakabanana kwenye kimoja. Akakiweka mita mbili mbele ya Lenzi, akakaa, mkoba mapajani. "Nitakaa hapa hapa nikuangalie. Ukimgeukia mwanamume, hata kwa shingo tu, umeshindwa. Mkaguzi, simama pale upime."

Mkaguzi akasimama pale.

Lenzi akakaa. Akachukua kijiko. Fundi miwani anajua kuona. Meneja hawezi kuangusha funguo kwa karatasi ya mtu wa jenereta. Na ile habari ya barua ya Mzee Trei, ambayo nakala yake ilitumwa kwa posta kwa mtu mmoja tu...

Akainamia supu. Akasema bila kuchezesha midomo, kwa sauti ya kusikika na mgongo mmoja tu.

"Na wewe uliposema kwenye simu unakuja mwenyewe. Ulikuwa na maana unakuja peke yako, au mwenyewe wa hoteli?" Akachota supu. "Hii, au hii?"

Nyuma yake kijiko kikawekwa chini.

"Zote mbili," akasema.

Mioyo ina ujinga wake, wapenzi wasomaji. Mwanamke huyu alikaa siku tatu katikati ya watu wanaobusiana, wanaolishana matunda, wanaopigana picha, asitamani kumgeukia mtu yeyote. Sasa alitamani. Alitamani mpaka shingo ikamuuma. Mbele yake Shangazi hapepesi, kushoto Mkaguzi anapima, na ukutani mshale wa dakika umesogea hatua moja tu. Lenzi akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili ili asigeuke.

Nyuma yake akasikia miguu ya kiti ikisugua sakafu, polepole, ikianza kuzunguka.